Maji ya Kuogea

Nyumba zetu zilikuwa mapacha, zimegawana ukuta mmoja,
kwa hiyo redio ya Bwana Ottaway tuliisikia ikikohoa
kila asubuhi kabla mwenyewe hajakohoa.
Nambari kumi na nne, Hazeldene, mwisho wa barabara isiyotokea popote:
magari yalifika, yakashangaa, yakageuza.

Alfajiri gari la maziwa la umeme lilipita likinung'unika,
chupa zikigongana, na ndege wadogo wa kifua cha manjano
wakatoboa vifuniko vya karatasi ya fedha,
wakanywa malai kabla yetu.
Mama alifungua dirisha akawatukana kwa upole,
kisha akatumiminia masazo yao.

Rosalind, wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja.
Mimi nilikuwa na tisa, na goti
ambalo halikupona kati ya Aprili na Septemba.
Goli letu lilikuwa mlango wa gereji ya akina Pargeter.
Kila bao lililia bwaa! mtaa mzima,
hadi Bi Pargeter atoke na taulo kichwani
kutuambia mumewe ni mtu wa zamu ya usiku,
na kwa kuwa ameshatoka,
akasimama kutazama penalti.

Halafu ukaja mwaka ule mvua iliposusa.
Sisi, watu wa miavuli,
tulitazama mbingu wiki baada ya wiki, buluu kama sahani.
Nyasi zikageuka rangi ya biskuti.
Wadudu wekundu wenye madoadoa walitua mikononi mwetu
wakatuuma, kwa kiu tu, hawakuwa na ubaya.
Baraza likapiga marufuku mipira ya kumwagilia,
na Bwana Ottaway, aliyekata nyasi zake kila Jumamosi
mistari mistari kama kitambaa cha suti,
akasimama dirishani kama mtu mwenye mgonjwa ndani.
Nyasi alizisamehe.
Mawaridi matatu ya Enid, marehemu mkewe, hayo hakuweza.

Nani alianza? Wewe husema mimi. Mimi husema wewe.
Tulioga maji yale yale, wewe, kisha mimi, kisha Baba,
hata yakawa kijivu kama chai ya hospitali.
Usiku tukayachota kwa ndoo ya kuchezea mchangani,
ile yenye ufa na picha ya kaa,
tukapenya pale ubao wa uzio ulipolegea.
Nusu iliishia kwenye nguo zetu za kulalia.

Usiku wa tatu tukakuta mtu:
Bi Pargeter, kandambili miguuni, birika mkononi.
Aliweka kidole mdomoni, akamimina, akaenda zake.
Wa tano, Bwana Bhogal wa nambari tisa,
na sufuria ya maji aliyooshea mchele.
Alituinamia kidogo, kama tumekutana benki.

Mwezi ukaisha. Bwana Ottaway akamwita Baba
juu ya ua wa michongoma, Baba na mkoba wake,
akichelewa treni ya saa moja na dakika ishirini.
"Mawaridi haya," akasema, "yana ukaidi."
"Aina nzuri hiyo," Baba akajibu. "Nzuri sana."
Mzee akainama, akanusa.
"Yananukia sabuni,"
na hakusema zaidi, wala siku hiyo, wala kamwe.

Mwaka huu nilipita pale, nina safari nyingine.
Bustani imesakafiwa, magari mawili yamelala juu yake.
Uzio ni wa plastiki, hauna pa kupenya.
Nikakaa, injini ikinguruma.
Mtoto wa kike, mpira kwapani, akanikazia macho,
akingoja nimwachie uwanja.
Nikageuza.

Nakuandikia jambo moja tu, Rosalind:
ile ndoo, hatimaye,
ilibaki kwa nani?