Rangi ya Koti

Konstebo aliuliza kwa simu, "Koti lilikuwa rangi gani?"
Nikatazama tena ile picha: mtu wa kijivu
amebeba kuni za kijivu juu ya theluji ya kijivu,
macho yaking'aa kama ya paka.
"Kijivu," nikasema.
Akacheka kidogo. "Bibi Kairavuo, usiku kamera za zamani
humvika kila mtu koti moja."

Basi nikapanda basi hadi Rovaniemi.

Kijana wa duka, Eljas, akanipangia kamera kaunta nzima
kwa uangalifu, kama mayai.
Hii huona kwa mwanga tusiouona sisi;
huona mbali, ila rangi haizijui.
Hii ina taa: mtu akikanyaga uani tu,
pwaa! nuru nyeupe, kila kitu hadharani.
Nikamfikiria jirani yangu Sanelma
ambaye usingizi wake ni karatasi,
na sungura wanaokatiza uani kwangu saa kumi alfajiri
wakijiendea zao.
Hapana. Taa sitaki.
Hii ya tatu ina jicho pana.
Humeza vijimwanga vidogo vidogo, taa ya barabarani,
nyota, theluji yenyewe,
na kwa hivyo tu hupaka rangi.
"Na giza likiwa totoro?"
"Likiwa totoro, mama, hakuna kamera ya kusema kweli."
Nikampenda kwa hilo.
Chagua ya waya, akaongeza;
kwenye baridi ya thelathini chini ya sifuri
betri hufa kabla mwizi hajafika.

Yuro mia moja themanini na tisa.
Nilipiga hesabu: bei ya kuni zenyewe, na kahawa juu.
Lakini si kuni. Ni lile swali.
Uishi miaka sabini na miwili,
uulizwe rangi,
ukose jibu.

Nilipanda ngazi mwenyewe, bisibisi mdomoni,
nikaielekeza bandani, si kwa Sanelma
(sheria, na pia ustaarabu).
Usiku wa kwanza sikulala. Nilikaa jikoni na simu
nikiutazama ua wangu kama mgeni:
banda jekundu, jekundu kweli, saa nane za usiku;
ndoo ya buluu niliyoitafuta tangu Oktoba;
na theluji, kumbe, si nyeupe,
ina manjano mlangoni na zambarau kwenye vivuli.
Huku Kemijärvi jua la Desemba huchungulia
kama mtu aliyesahau ufunguo,
akauchukua, akaondoka.
Sikuwa nimeona rangi nyingi hivyo
tangu majani yapukutike.

Usiku wa tano akaja.
Polepole, akivuta sleji.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya namba ya konstebo.

Koti lilikuwa la kijani.
Kijani cha msonobari, kola ya ngozi,
na kwenye kiwiko cha kushoto kiraka cha uzi mwekundu,
kwa sababu jioni ile uzi wa kijani uliniishia
na Taisto akasema, nani ataona?

Nililitoa mwenyewe Septemba, kwenye sanduku la kanisa,
pipi zake za kikohozi zikiwa bado mfukoni,
kwa kusahau,
au kwa kutosahau.

Akainama, akachagua vijiti vyembamba tu,
vya mtu mwenye jiko dogo.
Akanyoosha mgongo, mkono kiunoni,
na kwa muda wa kupepesa jicho
mume wangu alikuwa uani
akichukua kuni zake.

Uso sikuuona. Kamera ingeweza;
ni mimi sikuivuta picha karibu.

Asubuhi, yaani ile saa ya giza tunayoiita asubuhi,
konstebo akapiga. Amesikia nimenunua kitu kipya.
"Sasa rangi tunayo?"
Nje, kando ya lango, nilikwisha kupanga rundo la kuni nyembamba,
kavu, chini ya turubai la rangi ya chungwa
ili lionekane vizuri.

"Kijivu," nikasema.