Ubeti wa Tatu

Juni ile mkaa uliisha saa tisa usiku,
na Isyonje haina huruma saa tisa usiku.
Sakitu ilikwisha kulala juu ya viazi.
Nilipofungua kinengunengu
vifaranga mia moja themanini walikuwa rundo moja:
wa chini walikosa hewa,
wa juu walikosa joto,
wa katikati wakaishi.

Sitini na mmoja. Wakakua, wakataga,
trei zikashuka Uyole, zikafika Mwanjelwa,
nami nikasema yamekwisha.

Lakini mabinti zao,
niliowatotolesha Oktoba, jua tele, gunia zima la mkaa,
bati likipoa tu jioni
wanapandana migongoni.
Wanachelewa kutaga. Yai dogo, kama la kanga.
Nani kawasimulia?

Subilaga wa mifugo akaja na glavu,
akachukua damu chini ya bawa,
akarudi baada ya miezi mitatu:
“Vinasaba ni vile vile. Hakuna herufi iliyobadilika.
Ila kuna zilizowekewa alama, zisisomwe.”

Nikakikumbuka kitabu cha kwaya cha shangazi Tupokigwe.
Pambizoni, kwa penseli: *ruka ubeti wa 3.*
Tangu mazishi ya nani, sijui.
Ubeti upo, umechapwa, haujapungua hata nukta,
ila miaka ishirini tunauruka,
na watoto wanaapa wimbo una beti nne.

Baridi nayo ina penseli.

Sikumwambia Subilaga habari za mama,
aliyezaliwa mwaka wa njaa,
wala zangu, ninayepima debe la mahindi kwa mkono
hata nikiwa nimeshiba,
wala za Lugano, binti yangu,
asiyewahi kulala na njaa hata siku moja,
ambaye chini ya mto wake nimekuta kiazi cha kuchemsha
kimefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu.

Nikauliza tu: penseli hufutika?
“Mara nyingine,” akasema,
akijipapasa mifuko kutafuta ufunguo wa pikipiki.

Juni hii nalala bandani. Majiko mawili.
Saa tisa nachochea.
Kifaranga mmoja, mjukuu wa usiku ule,
anajitoa kwenye rundo, hatua mbili,
anasimama peke yake kwenye pumba.
Haogopi. Au anaogopa, nitajuaje.

Nauimba ubeti wa tatu,
polepole,
maana siujui vizuri.