Nta Kabla ya Mnunuzi

Nyamizi amesema atakuja kesho saa nne
na trekta la shemeji yake, na fedha taslimu.
Karavani litakwenda Mwaloni, likaange chipsi na sato.
Leo basi tunaliosha.

Baba amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Goti lake halipandi ngazi tena,
kwa hiyo ananiamrisha kwa fimbo, kama mnyapara:
"Anza paani, mayu. Maji hayapandi mlima.
Brashi laini! Hiyo ya chooni irudishe ulikoitoa."

Miaka kumi na tisa ilikuwa nyumba yake hii.
Barabara ikisogea, nayo inasogea,
kambi mpya, jiko lilelile, kitanda cha kukunja,
na sisi huku Igombe tukiwa na baba wa mwisho wa mwezi,
tena mwezi wenyewe uwe umekauka.

Namwaga ndoo ya kwanza.
Yanashuka maji mekundu.
"Biharamulo," anasema baba.
Nasugua chini ya dirisha; yanashuka meusi, mazito.
"Hiyo mbuga ya Misungwi. Ilimeza greda siku tatu."
Kwenye bawaba ya mlango, vumbi jeupe kama posho.
"Hiyo siijui."
Napiga brashi, nasuuza, nahamia kwenye magurudumu,
ndipo anaposema, nyuma yangu, taratibu:
"Tinde. Hapo ndipo habari ya mama yako ilinikuta."

Nta haipakwi juani,
itaganda kama uji wa jana.
Tunangoja kivuli cha jabali,
kinakuja kwa mwendo wa jabali.
Baba anasinzia. Mimi nachana fulana yangu ya Umiseta,
mgongoni bado namba saba.

Kisha kidole kimoja cha nta, duara,
duara, duara dogo, kama unakuna mgongo wa mtoto;
uache ukungu utande juu ya bati,
halafu ufute, ufute mpaka ujione,
na nikajiona: paji la baba, pua ya mama,
na ribiti moja katikati ya meno.

Kando ya mlango kitambaa kikakwama.
Mistari. Imekwaruzwa kwa msumari, ngazi kwa ngazi,
na kila mstari una herufi ya jina langu na mwaka.
"Baba, mimi sijawahi kusimama hapa."
"Umesimama."
"Lini?"
"Mama yako aliandika umemfika kiunoni.
Kiuno cha mama yako mimi sikijui kilipo?"

Nikavua ndala, nikasimama.
Mstari wa mwisho umenizidi vidole vinne.
"Kwenye barua," anasema, "ulikuwa unakula vizuri."

Nimeshika nta, sijui niipeleke wapi.
"Paka tu. Nyamizi atadhani ni bei za chipsi."
Nikapaka. Nikazunguka kila mstari polepole,
nikauzibua kwa ncha ya kijiti cha kiberiti,
maana nta ikikauka kwenye mkwaruzo
hubaki nyeupe kama kovu la moto.

Saa kumi na mbili kasoro, ziwa likafuka.
Si moshi: ni vile vijidudu vya ziwani, wingu zima,
vinapanda, vinapinda, vinaona bati linang'aa
kuliko taa zote za Igombe,
na upande wa kushoto nta ilikuwa bado mbichi.

Nilipiga kelele, nikapunga fulana,
namba saba ikijaa mabawa.
Kwa dakika kumi karavani likaota manyoya.
Baba alicheka mpaka ndoo ikamtupa.
Sijamsikia akicheka hivyo tangu, basi tu, sijamsikia.

"Mpigie Nyamizi," anasema, anajikung'uta.
"Mwambie keshokutwa."
Nauliza nimpe sababu gani.
Hajibu. Ameshaingia ndani na fimbo yake,
na kupitia bati nasikia kitanda cha kukunja
kikifunguliwa, mguu mmoja,
halafu wa pili.