Hatua Kumi na Mbili

Reli moja Vuai aliikuta mtaroni,
watu wanaikanyaga wakienda msikitini.
Ya pili ilikuwa boriti ya banda la mbuzi;
Bi Mtumwa akaiachia kwa mabati manne
na maneno matamu.

Picha anayo: gari la moshi la Kimarekani,
bomba refu, kengele, taa kama sufuria ya pilau.
Miaka tisa tunaigombania picha hiyo:
hiki ni kipini, au kivuli cha mnazi?

Boila tulilitoa Pemba, chakavu,
lilikuwa likikamua mafuta ya makonyo;
hata leo likichemka hunukia karafuu.
Magurudumu kayasubu Shaame, Saateni, kwa mkopo.
Mkewe Vuai husema: mwenzenu kaoa chuma,
mimi ndiye mke mdogo.

Ijumaa, baada ya sala, tukawasha makumbi.
Mshale ukapanda. Ukasita. Ukapanda.
Akavuta kamba ya filimbi,
kuku wa mtaa mzima wakahama,
na dude likajikokota, tu, tu, tu-tu,
hatua kumi na mbili,
reli ikaisha.

Mtoto akauliza, "Linakwenda wapi?"
Vuai, masizi mpaka ndevuni, macho yamelowa:
"Bububu."
"Si ndiyo hapa?"
"Basi limefika."

Akalirudisha kinyumenyume, polepole,
kama mtu anayemuingiza ng'ombe zizini.
Hapo nikashindwa kuificha habari
niliyoibana wiki nzima:
Chuini kuna reli nyingine,
nzima,
imebeba tangi la maji la mtu.