Kipimo cha Boriti

Famau wa saiberi ameshafunga mlango nusu.
Langoni kumelala, isipokuwa punda mmoja
anayejikuna shingo kwenye pembe ya ukuta.
Kioo chaniambia: chagua.
Nafasi sita, na usiku umebaki huu mmoja.

Ya kwanza naiandika bila kufikiri,
kama mtu aandikavyo jina lake:
Uhandisi wa Ujenzi, shahada, miaka mitano.
Kiduara chazunguka. Chazunguka.
Kisha maandishi mekundu:
Fizikia, C plasi. Wewe una C.

Hisabati nina B; hakuna anayeiuliza.
Kemia nimevuka kwa unyoya.
Lakini ile karatasi ya fizikia, ya vitendo,
pendulo ikienda ikirudi,
nikahesabu mizunguko ishirini, au kumi na tisa,
mwangalizi akakohoa,
na kikohozi kile hadi leo
kimekaa kati yangu na alama moja.

"Weka ualimu," asema Famau. "Weka biashara.
Weka kitu kitakachokubali."
Amewajazia watoto wa mtaa mzima,
anazijua pointi za klasta
kama wengine wajuavyo bei ya mchele.
Simlaumu. Na usingizi anao.

Babangu ni mwashi.
Nikiwa darasa la sita nilikipima chumba chetu cha juu
kwa rula ya shule, nikitambaa sakafuni:
upana, mita mbili na nusu na kidogo.
Cha jirani vivyo hivyo.
Cha Mkomani, kwa matajiri, chenye zidaka ukuta mzima,
vivyo hivyo.
Nikamuuliza: watu wa mapambo yote haya
walikubalije kubanwa?
Akaninyoshea kidole darini.
"Mkoko una kimo chake. Boriti haivutwi, mwanangu,
chumba ndicho hufuata."
Akarudi kwenye chokaa yake. Halafu, bila kugeuka:
"Upana umekataa. Urefu, nani amekukataza?"

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la uhandisi
na hakuna aliyelisahihisha.

Nafuta.
Naandika: Stashahada ya Ujenzi, chuo cha ufundi, Mombasa.
Miaka mitatu. Kisha, nikifaulu vizuri,
mlango wa ubavuni wa shahada, nianzie mwaka wa pili.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya saruji:
nitamaliza miaka miwili baada ya Swabra,
aliyepata A kutoa
na huogopa kupanda ngazi.

Nafasi tano zilizobaki bado nyeupe.
Famau anasoma juu ya bega langu.
"Ndia ndefu hiyo, Mwanaidi."
"Ndefu," namwambia, "na nyembamba."

Adai shilingi themanini. Nina sabini na tano.
Anaitazama sarafu ya mwisho, ananiachia tano.
Laiti angekuwa yeye
aliyesahihisha fizikia.