Bundi Hakulala Ndani

Bruda Wolfram alipofungasha kurudi kwao
alimwachia mama, aliyemfulia kanzu miaka kumi na tisa pale Ndanda,
kopo la dawa lenye sarafu tano.
Si mshahara, alisema. Ni za kutazama.
Mama akalitikisa sikioni,
kama anayesikiliza korosho ajue kama imekauka.

Tukapanda nalo Newala kwa lori la chumvi,
ukungu umelala barabarani, ndoo zimepanga foleni bombani.
Usiku huohuo akazimwaga juu ya ungo.

Kobe wa Wayunani: akacheka. Huyu hadaiwi na mtu.
Shuke la shayiri akaliita mtama,
nami hadi leo naliita mtama.
Mbwa mwitu jike wa Roma,
pacha wawili wa binadamu wakining'inia chuchuni:
akaigeuza haraka upande wa pili,
kisha akairudisha, taratibu.
Yeye mwenyewe alikuzwa kwa maziwa ya mbuzi.
Kaisari alikuwa amekwisha pua.
Vidole vingapi, akauliza, vimempangusa uso huyu
hata akabaki kidevu na kiburi?

Ya tano ilikuwa bundi.

Fedha nene, macho mawili ya kukodoa,
kijitawi cha mzeituni nyuma yake, na mwezi
mwembamba kama ukucha uliokatwa.
Mama akasimama. Hakupiga kelele.
Akamfunga katika kipande cha kaniki,
akamtoa nje, akamsokomeza kwenye ufa wa ukuta wa jiko,
akaziba kwa udongo.
"Athene ni ndege wa akili," nilisema,
maneno ya Bruda, si yangu.
"Basi akili yake akae nayo nje."

Nililala miaka mingi nikiusikiliza ukuta ule.

Sasa mimi ni mkaguzi wa korosho, ghala la chama.
Kila gunia natoa mbegu, nazipasua katikati:
nyeupe, yenye madoa, iliyosinyaa, iliyooza.
Mkulima husimama mlangoni
akanitazama mkono, si uso.
Nimekata korosho za waaminifu wangapi
kwa ajili ya mawe ya watu wawili watatu.

Masika yaliyopita jiko la mama likaanguka.
Kaniki imeoza, bundi yu macho.
Nikamsugua kwa mate na pindo la kanga,
ndipo nikaliona ambalo mama, kwa haraka yake, hakuliona:
kovu. Mtu alimpiga patasi
toka utosini hadi karibu na jicho,
aone kama ndani ni fedha
au ni shaba iliyovishwa.

Ilikuwa fedha hadi ndani.
Hakuombwa radhi.

Mtu yule namjua.
Simjui jina, wala bandari, wala mungu wake,
lakini mkono naujua:
pumzi inayobanwa kabla ya chuma kushuka,
na ile aibu ndogo
unapokuta kitu kizima, nawe umeshakipasua.

Nina zangu pia nilizookota: senti tano ya samaki,
hamsini ya sungura,
ishirini ya mbuni aliyeikimbia hata thamani yake.
Nimezichanganya kopo moja na za Bruda.
Mwanangu Namtima anauliza ipi inanunua andazi.
Nafikiri kwanza. Hakuna, namwambia. Wote hapa
wamestaafu.

Jana msimu umefungwa, ghala tupu,
nikamweka bundi juu ya mizani ya magunia.
Mshale haukujigusa.
Nikangoja, kama mkulima.
Haukujigusa.

Jioni nikamrudisha nyumbani,
nikaliweka kopo dirishani,
upande wa nje.
Mama bado yu hai, na anaona vizuri.