Kokoto ya Ndani

Nimeponda mawe miaka kumi na minne
hapa juu, Bugarika, nyundo yangu ikiujua
mshipa wa kila jabali kunishinda mimi,
na ziwa nimelipa mgongo.
Si kwa chuki. Kivuli cha turubai huangukia upande huu.

Ndoo ya kokoto ni mia tano.
Choo cha kulipia, kule chini kwa Mzee Magesa,
haja ndogo mia mbili,
na robo saa ya kushuka.
Kupanda usiulize.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi niliipiga zamani:
asiyekunywa hashuki.

Basi asubuhi chai, kikombe kimoja cha bati,
usiku maji ya kusukumia ugali.
Katikati namung'unya kipande cha pemba,
udongo juu ya vumbi.
Kichwa kikigonga, nasema ni nyundo.
Midomo ikipasuka, napaka mafuta ya mgando.
Mkojo ukawa chai ya rangi;
nikasema, ah, si ni ile ile ya asubuhi inatoka.

Wanasema maji hayapandi mlima.
Waje Mwanza.
Hapa yanapanda kila siku,
kichwani kwa Holo, kichwani kwa Nyanjige,
katika dumu la njano lililozibwa tundu kwa sabuni,
yanapanda yakimwagika shingoni,
hadi nyumba ya mwisho iliyoatamia jiwe
kama kuku asiye na mayai.
Na yakishafika
yanafua sare, yanachemsha maharage,
yanamwogesha mtoto, yananyweshwa bata.
Mbebaji hulamba tone lililomdondokea mkononi,
akageuka kufuata dumu la pili.

Septemba, siku isiyo na upepo,
kitu kikanishika ubavuni
kikanipinda kama msumari.
Kulwa na Doto niliwazaa kimya;
siku ile nilipiga yowe hadi nyundo zote mlimani zikasimama.
Wakaniteremsha kwa toroli la kokoto,
wakanipandisha Bugando, nako ni juu ya mwamba
(hivi mji huu una tambarare?)
na daktari, kijana ambaye ndevu bado zinamsitia,
akanionyesha picha, kitone cheupe gizani.
"Mama, una jiwe kwenye figo."

Nilicheka. Maumivu yale, nilicheka, nesi akaja mbio.
Miaka kumi na minne nawauzia watu ndoo kwa ndoo,
kumbe moja nimejiwekea akiba.

Akauliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku.
Nikamtajia bei ya choo.
Kalamu yake ikakaa hewani.
Kwenye fomu hapakuwa na mstari wa jibu hilo.

Usiku wa nne lilitoka lenyewe,
*ti!* kwenye kopo.
Punje ya ulezi, basi. Na lina ncha.
Nimelitia kwenye kiganda cha kiberiti.
Nyanjige alipoliona hakusema pole.
Alisema, "Tuchimbe."

Nani huchimba choo kwenye jabali?
Sisi. Kazi gani nyingine tunaijua?
Kila jioni, saa moja ya nyundo isiyo na mteja,
miezi miwili na siku zake,
na kokoto zilizotoka shimoni
ndizo zilizonunua bati na kitasa.

Sasa kuna mtungi chini ya turubai,
maji yaliyochemshwa jana, yamepoa kwa udongo.
Kivuli kikifika jiwe la Holo, kila mtu kikombe.
Kikifika kwangu, kingine.
Hatugidi. Funda, nyundo, funda.
Nimegeuza kigoda kidogo;
jua linanichoma shavu moja, lakini ziwa nalitazama,
kubwa hivyo, na halijawahi kunidai.

Mzee Magesa amepanda juzi, anahema,
kutuambia ameshusha bei, sasa ni mia.
Hatukumjibu.
Vinywa vyetu vilikuwa vimejaa maji.